Neno Lenye Nyota

Nilirudi ofisini kufuata mwavuli tu. Jua lilikuwa linazama.

Kwenye meza ya mdogo wangu, kadi yenye neno ilikuwa imeachwa wazi. Miaka kumi na minne nimelisaka jina la kwanza la fisi, katika ile lugha ya kale iliyozaa Kiarabu, Kihausa na Kisomali. Kazi nilimfundisha mimi. Yeye kalipata kwa miaka miwili! Mhariri kasema kitabu kitatoka kwa jina lake. Nilimwonea wivu, sifichi.

Mchana alikuwa amenionya.

"Kaka, tuliandike tu, tusilitamke. Kila taifa lilijitungia lakabu la mnyama huyu. Waliogopa kumwita."

"Elimu yote hiyo, unaogopa fisi?" nilimcheka.

Katika kazi yetu, neno la kale ambalo hakuna sikio hai lililolisikia huwekewa nyota mbele yake. Chini ya kadi huandikwa jina la aliyelipata.

Nilifuta jina lake, nikaandika langu. Kisha, ili niwe wa kwanza hata kwa mdomo, nikalitamka.

Halafu... harufu. Manyoya yaliyolowa, mifupa ya siku nyingi. Kwenye korido, kucha juu ya sakafu. Tak... tak... Zikasimama nje ya mlango.

"Nani kaniita?"

Ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Niliitazama kadi. Wino wa jina langu ulikuwa haujakauka. Nikalikata, nikarudisha la mdogo wangu, nikaisukuma kadi chini ya mlango.

Kitu kikainusa. Kisha kucha zikashuka ngazi.

Nilikimbia hadi nyumba tunayoishi wote, sijui vipi. Nilimkuta mdogo wangu mezani anakunywa chai, mzima wa afya. Machozi yakanitoka.

"Kaka, mbona uliniita nje halafu ukajificha? Nimekufungulia mlango, sikuona mtu."

Nilikuwa nimeshaisikia ile harufu, humo humo sebuleni.

Asubuhi, ofisini, kadi ilikuwa juu ya meza yangu. Nyota mbele ya neno haikuwepo tena.

Kitabu kimetoka. Watu wanampongeza, na mimi, Mungu anisamehe, bado namwonea wivu. Ila kila jioni yeye hubisha mlango wa chumba changu.

"Kaka," ananong'ona. "Nifungulie."

Sauti ni yake kabisa. Lakini kabla hajabisha, kuna kucha zinazotembea sakafuni.

Sifungui.