Betri Kavu

Wengine husimulia walichosikia kwa majirani. Mimi nilikuwepo. Macho haya yameona, mikono hii imeshika, na atakayebisha aje nimwonyeshe kovu.

Enzi hizo nilikuwa dereva wa lori kwenye machimbo ya kokoto, porini, mbali na nguzo ya mwisho ya umeme. Dereva hasa, si hawa wa siku hizi. Nimewahi kuteremka mlima breki zimekatika huku nakula muwa. Kambi nzima iliniheshimu, mpaka alipoletwa Karani na laptopu yake.

Laptopu yenyewe kuukuu, betri yake ya ndani ilishakufa. Ukichomoa waya tu, inazima. Basi kila jioni nilimpelekea betri ya lori iliyojaa chaji, nikabana nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye kiboksi cha kugeuza umeme. Kioo kikiwaka, Mpishi anakuja kutazama picha za harusi za watu wasiomhusu.

Mpishi! Mjane wa mwaka mmoja. Mumewe ndiye aliyekuwa dereva kabla yangu. Lori lake lilimbana kifua kule korongoni. Mimi nilishamchotea maji, nilishampasulia kuni, nikaambulia "Asante, kaka." Karani anabonyeza kidude kimoja tu, anachekewa mpaka jino la mwisho.

Kaka! Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Jioni moja wivu ukanipanda kichwani. Nikateremka korongoni, kwenye lile lori bovu la marehemu, nikang'oa betri yake. Nikafungua vifuniko... kavu. Hata tone la asidi hakuna. Nikasema moyoni, leo bwana mdogo utatazama picha gizani.

Nikabana nyaya.

Laptopu ikawaka.

Ikawaka kuliko siku zote.

"Leo umetuletea ya nguvu, dereva," akasema Karani. Mpishi akavuta kigoda, akakaa naye bega kwa bega.

Hapo ndipo harufu ilipoanza. Dizeli... na jasho la mtu. Kisha, ndani ya spika, kikohozi.

Kho.

"Mmesikia?" Karani akanong'ona.

Mpishi akapiga yowe. Kikohozi kile alilala nacho miaka saba.

Picha za harusi zikatoweka. Kwenye kioo ikabaki barabara, inakuja mbio, kama unavyoiona ukiwa kwenye usukani. Mteremko. Kona. Korongo... Karani akajishika kifua. Kilikuwa kinaingia ndani, nakiona, kama kuna kitu kizito kinakiegemea.

"Chomoa, kaka!" akahema. "Chomoa..."

Nikachomoa waya wa laptopu. Haikuzima.

Nikang'oa kiboksi. Haikuzima.

Nikashika vibanio kwenye betri yenyewe. Vimeganda, vya moto, vinanichoma kiganja. Na sauti, hapa sikioni, ya upole kabisa, kama ya mtu mnayegawana sigara:

"Na wewe pia unamtaka?"

Mimi, mtu wa breki na muwa, nikajibu kwa sauti ya kifaranga:

"Simtaki."

Vibanio havikulegea. Karani macho yanageuka juu.

"Simtaki!" nikapiga kelele, na Mpishi yupo hapo hapo, ananitazama usoni. "Sijawahi kumtaka hata siku moja!"

Vibanio vikaachia.

Giza. Karani akavuta pumzi moja ndefu, yenye mlio.

Kesho yake alipakiwa kwenye gari la kampuni, mbavu tatu zimevunjika. Hospitali walimuuliza alianguka wapi. Fundi umeme mmoja aliniapia kwamba betri kavu haiwashi hata tochi, nikamwambia sawa, fundi. Ile betri niliirudisha korongoni, na Mpishi tangu siku ile hakuniita kaka wala nini. Alinipakulia chakula bila kuniangalia.

Sasa niseme ukweli, maana umri umekwenda. Yote ni kweli isipokuwa moja. Lile yowe nimelitia mwenyewe, kwa sababu kilichotokea hakisimuliki vizuri mbele za watu.

Hakupiga yowe. Alitabasamu. Karani anakaribia kukata roho ubavuni mwake, yeye akainama, akanyoosha mkono, akaipapasa ile betri taratibu, kama mtu anayempangusa mwenzake jasho.