Kisanamu cha Shemeji Desmond

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata Winifred, dada yangu wa tumbo moja, na sehemu ya kosa ni yangu.

Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka nilifungua geti kwa msimu mpya saa nne kamili asubuhi, kama nilivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Watu wanaokuja Hathersby kutembea huanza sokoni, wakapanda kwenye magofu ya ngome, wakala keki kwenye ukumbi wa kanisa, kisha wakaishia kwangu, kwenye bustani ya mji mdogo. Ni Hathersby yenyewe iliyojengwa upya kwa saruji, mnara wa kanisa ukinifika kiunoni. Nyumba zote nilizimimina kwa mikono yangu, zege tupu mpaka katikati, na madirisha yake ni rangi tu. Wakazi ni visanamu vya urefu wa kidole, na kila kimoja ni mtu wetu wa kweli. Hata mimi nipo, pale getini, na fagio langu. Wageni hunitazama mimi, wakakitazama kile, wakacheka.

Tuna desturi yetu. Mtu akifariki, mwenzi wake au mwanawe hukichukua kisanamu chake kwa mkono wake mwenyewe na kukihamishia kwenye makaburi madogo nyuma ya kanisa, kabla bustani haijafunguliwa kwa msimu. Hakuna hotuba. Tunakunywa chai tu, tukaenda zetu.

Mume wa Winifred, shemeji Desmond, alifariki Januari. Kisanamu chake kilisimama kwenye foleni ya bucha, na koti la kahawia na kikapu mkononi, maana Alhamisi hakuna aliyemtangulia pale. Pasaka ilipokaribia, dada hakutaka kukihamisha.

"Mwache msimu huu tu, Len," aliniomba. "Hapo kwenye foleni anamsumbua nani?"

Nilipaswa kukataa. Lakini watu wa mji huu tunaogopa kumkwaza mtu kuliko tunavyoogopa kaburi. Nikasema sawa. Wanakamati wa bustani nao waliona, wakatazama pembeni kwa adabu.

Wiki ya pili nikamkuta Desmond ametoka kwenye foleni. Alikuwa kwenye kona ya benki, uso umegeukia kilimani. Nikasema ni watoto, hao hawana mikono ya kutulia. Nikamrudisha, nikambandika kwa gundi. Asubuhi iliyofuata alikuwa amefika kisimani. Pale kwenye foleni gundi ilikuwa bado imeshika, na ndani yake zimebaki soli mbili za viatu, kila moja kama punje ya mchele.

Kutoka kisimani njia hupanda Mtaa wa Wafumaji. Nyumba ya mwisho ya mtaa ule ni ya dada yangu.

Jioni nilikwenda kumwona. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Aliniambia, kwa furaha iliyonikata maini, kwamba kila siku saa kumi anasikia kikohozi cha Desmond mtaani, na kila siku kinasogea. Leo kilikuwa kimefika kisimani. Kamba za aproni yake zilimzunguka mara mbili. Alikuwa ameacha kula, akimsubiri mumewe ili wale pamoja.

"Anarudi nyumbani," alininong'oneza. "Usimzuie."

"Hatakuja kukaa, dada. Atakuja kukuchukua."

"Na unadhani mimi sijui?"

Sikulala. Kulipokucha nilimchukua Desmond mimi mwenyewe, nikampeleka makaburini, nikamkandamiza kwenye udongo mpaka magotini. Kesho yake alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba ya dada. Koti lilikuwa na matope mpaka magotini. Mkono wangu haukuwa mkono unaotakiwa.

Basi nikaenda kumpigia dada magoti. Mimi, mtu mzima wa miaka sitini na minne, juu ya sakafu ya jikoni. Nilimwambia sina mke, sina mtoto, sina mwingine duniani isipokuwa yeye. Nililia bila haya. Nikamsihi aje amhamishe Desmond kwa mkono wake, maana yeye tu ndiye angesikilizwa. Alinifuta uso kwa aproni.

"Nitakuja Alhamisi," alisema. "Usilie, mdogo wangu."

Alikuja saa tisa na nusu mchana, amevaa koti lake zuri la kanisani. Bustani ilikuwa imejaa, basi zima la wazee kutoka pwani. Aliinama juu ya kamba inayowazuia wageni, akamnyanyua Desmond kwa vidole viwili, akamfuta matope kwa mate na kitambaa. Alimtazama kwa muda mrefu. Nilimwonyesha makaburi.

Akamrudisha kizingitini. Kisha, kwa ukucha, akagonga mlango wa saruji. Mara tatu.

"Nisamehe, Len," alisema. "Nimekwisha kumfungulia."

Akatoka getini, akaelekea nyumbani kubandika birika.

Nilitaka kumkimbilia. Mungu ni shahidi wangu. Lakini bibi mmoja alinishika mkono akauliza choo kiko wapi, nikamwonyesha. Nyuma yake foleni. Mwingine alitaka kujua basi linaondoka saa ngapi. Mwingine alitaka nimpige picha na mke wake. Niliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa tabasamu, saa ya kanisa ikigonga saa kumi juu ya kichwa changu. Sikuweza kuwaambia watu wanipishe. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo nilivyompoteza dada yangu.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Birika lilikuwa la moto. Vikombe vyote viwili vilikuwa vimenywewa. Koti la kanisani lilining'inia kwenye kulabu, na kando yake koti la kahawia, likichuruzika maji. Nilimwita chumba kwa chumba. Polisi walimtafuta mpaka mtoni. Hadi leo hajaonekana.

Kwenye bustani kizingiti ni kitupu. Kisanamu cha Winifred, kilichokuwa kikianika nguo nyuma ya nyumba, nacho hakipo. Dirisha la jikoni, nililolipaka rangi nyeusi mwenyewe, sasa ni la njano. Nimelikwangua kwa kisu. Chini ya njano kuna njano.

Alhamisi, ikifika saa kumi, dirisha lile huingia ukungu, kama la jiko ambalo birika linachemka. Ile ni zege, nakuambia, zege mpaka katikati. Mimi hupiga magoti nikalifuta kwa kitambaa, nalifuta sana, nikimwita dada jina lake.

Ukungu haufutiki. Uko upande wa ndani.