Kufuli la Tano

Binti aliuawa saa nne na dakika kumi asubuhi, ndani ya kizimba namba tatu, na roboti ya kunyanyua kilo mia tatu.

Polisi waliandika: ajali. Kampuni iliandika: mwanagenzi alisahau kufunga kufuli lake. Mhandisi mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Sukari kwa ulimi wake laini, alikuja msibani na suti nyeusi. Akamshika mama wa marehemu mikono yote miwili.

"Tumempoteza fundi bora kuliko wote," alisema.

Nyuma ya mama huyo alisimama kaka yake. Mtu mfupi, mpana, asiye na maneno.

Hakulia. Alikuwa akiipima shingo ya Sukari kwa macho.

Huko Idarani, kwenye ujasusi wa serikali, ambako kazi zake hazikuandikwa popote, walimwita Spana. Akishika, haachii mpaka kitu kifunguke. Miaka ishirini na mitatu ya kazi, majeraha manne, na hakuna hata jirani mmoja aliyejua anakula kwa kazi gani.

Watu walipotawanyika, dada yake alimkuta jikoni.

"Mwanangu alikuwa anafunga hata kabati la vikombe," alisema. "Kufuli angelisahau vipi?"

"Hakulisahau."

"Basi aliyemuua ule naye sahani moja, kaka."

"Nitakula naye."

Jambo moja hakumwambia. Wiki mbili kabla ya kifo, mpwa wake alimlalamikia: "Mjomba, mizani ya kule inanionea. Kila nikipima mkono wa roboti, unazidi." Naye akamcheka. Akamwambia mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Binti akacheka pia, kisha akarudi kazini kupima upya.

Mwiba huo ulimkaa kooni. Hakuna maji yaliyoushusha.

*

Siku ya tisa, Nokia yake ya vitufe ilitetema mfukoni.

"Mitungi imepitwa na muda," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Shangazi, mkuu wake wa kazi. Hakuna aliyejua ni shangazi wa nani.

"Mingapi?"

"Kumi na miwili. Inaondoka saa nane mchana."

Spana alielewa. Mikono kumi na miwili ya roboti ilikuwa inasafirishwa nje ya nchi siku hiyo. Kwa miezi sita Idara ilikuwa inatafuta vibao vya kuongozea makombora vilivyoibwa kwenye ghala la jeshi. Forodha walikuwa wamefungua makasha ya kampuni ile mara tatu. Mara zote walikuta roboti, na roboti tu.

"Sikutaka kukutuma wewe," Shangazi alisema. "Una damu yako ndani ya jambo hili."

"Ndiyo maana sitakosea."

"Namtaka mnunuzi. Anayemjua ni Sukari peke yake. Mlete akiwa anaongea. Maiti haina ushahidi."

"Nimesikia."

"Sikukuuliza kama umesikia. Sema ndiyo."

Spana alikata simu.

*

Saa tano kamili aliingia langoni mwa kiwanda na ovaroli ya bluu, ubao wa karatasi na kibali chenye mhuri. Mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto. Hakuna mlinzi anayemzuia mtu huyo, na hakuna bosi anayemtazama usoni.

Kiunoni, chini ya ovaroli: bastola, Glock 19. Mkononi: mtungi mwekundu wa unga, kilo sita, wenye kamera inayonasa picha na sauti nyuma ya kioo cha geji.

"Shangazi, unaona?"

"Naona dari," kifaa cha sikioni kilimnong'oneza. "Geuza mtungi."

Ukumbi ulikuwa mrefu na safi kama hospitali. Vizimba sita vya wavu wa chuma, kila kimoja na roboti yake ya rangi ya machungwa. Kando ya kizimba namba tatu, ukutani, palikuwa na misumari mitano. Minne ilikuwa na makufuli mekundu.

Wa tano ulikuwa mtupu.

"Ule msumari una nini?" alimuuliza msichana aliyekuwa akipangusa miwani kwa pindo la koti.

"Ulikuwa wa mwenzetu." Msichana alivaa miwani. Wenzake walimwita Nukta, kwa udogo wake. "Hapa anayeingia kizimbani anafunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo anautia mfukoni. Mpaka atoke kwa miguu yake, roboti haiwaki. Kila mtu na kufuli lake, kila kufuli na ufunguo mmoja."

"Na mabosi?"

"Mabosi hawafungi. Mabosi wana haraka."

Kijana mrefu kama ngazi alicheka bila furaha. Wenzake wawili hawakucheka kabisa.

"Likizo nzima mko hapa. Mmepata nini?" Spana aliuliza, huku akijidai kusoma geji.

"Mimi nimejifunza kuchemsha chai ya watu kumi na sita bila kuandika," alisema Mrefu. "Huyu amejifunza kufagia misumari. Shahada inakuja."

"Tumejifunza kuandika makosa," Nukta alisema.

"Makosa gani?"

Alimwonyesha. Kila mwanagenzi alikuwa na daftari dogo jeusi. Kila siku, kabla ya kwenda nyumbani, unaandika kosa moja ulilofanya. La kwako, si la mwenzio. Sukari anasaini. Ndivyo kampuni ilivyowafundisha uungwana wa fundi: usimsingizie mtu wala kifaa.

"Nani huyasoma?"

"Nani asome makosa ya wanagenzi?"

Spana alilichukua daftari la Nukta. Akafunua. *Nimekosea kupima. Mkono umezidi gramu 412.* Siku mbili mbele, hivyo hivyo. Akalichukua la Mrefu. *Nimekosea kupima. Umezidi 412.* Akayachukua mawili yaliyobaki.

Gramu mia nne na kumi na mbili. Wanne wote.

Aliyafunga yote manne.

"Mliwahi kuonyeshana haya?"

Walitazamana.

"Aibu," Mrefu alisema taratibu. "Kila mtu alijua mjinga ni yeye peke yake."

Wajinga wanne hawakosei kwa gramu ile ile. Vibao vilikuwa ndani ya mikono, vimefungwa katikati ya mfupa wa chuma, mahali ambapo ofisa wa forodha hafiki hata akiwa na wiki nzima.

 Nukta alifungua mkoba wake, akatoa daftari la tano.

"Ni la mwenzetu. Niliazima nikopi mchoro," alisema. "Siku ya pili yake akafa. Sijui nimrudishie nani."

"Nirudishie mimi. Ni mtoto wa dada yangu."

Nukta alimkabidhi kwa mikono miwili.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko alioufahamu tangu ukiwa wa penseli. *Leo sikukosea mimi. Mkono ndio umezidi. Nimemwomba mhandisi mkuu ruhusa, kesho asubuhi nitaufungua.*

Chini yake, wino wa kijani: saini ya Sukari, na tarehe.

Mkono wa bosi huzoea kusaini. Alisoma, akashtuka, akapanga kuua. Na bado akasaini.

"Mjomba," Nukta alisema, na neno lile lilimchoma Spana ubavuni. "Marehemu ndiye aliyekuwa anatukagua makufuli kila asubuhi. Asingesahau."

"Polisi walilitafuta kufuli lake?"

"Walisema halikufungwa, kwa hiyo hawakutafuta."

Mkaguzi wa moto hukagua pia ndoo za mchanga. Ndoo ya kwanza ilikuwa na vichungi vya sigara. Ya pili, iliyosimama hatua sita kutoka kizimba namba tatu, ilikuwa na kitu kigumu chini kabisa. Spana alikitoa, akakipuliza.

Kufuli jekundu. Namba tano. Limekatwa kwa mkasi wa kukatia chuma.

Alilitia mfukoni, upande wa moyo.

"Spana," Shangazi alisema sikioni. "Nimeona. Pumua."

Alizima kifaa cha sikioni.

*

Saa saba na nusu wafanyakazi wote walikuwa bwaloni. Mikono kumi na mmoja ilikuwa tayari ndani ya makasha, kwenye lori la Isuzu mlangoni. Dereva wake alikuwa na bega moja lililoshuka, kama mtu aliyezoea kuficha chuma kwapani.

Spana alimfuata akiwa na mtungi.

"Kaka, hebu saini hapa."

Dereva aliinamia karatasi. Kitako cha mtungi kilimpata nyuma ya sikio. Alianguka bila kuuliza swali. Spana akamfunga kwa kamba ya makasha, akamvuta nyuma ya gurudumu.

Mmoja.

Ndani ya ukumbi, Sukari alikuwa amefika kizimba namba tatu na bisibisi. Mkono wa kumi na mbili ulikuwa bado kwenye roboti yake, na kifuniko chake hakijakazwa. Aliitazama saa yake ya Omega. Akapita mlangoni upesi.

Hakufunga kufuli.

Spana alisukuma mlango wa wavu nyuma yake, akatumbukiza komeo.

Sukari aligeuka. "Mkaguzi, vipi? Fungua, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Mimi ni mjomba wake."

Uso wa Sukari ulibadilika polepole, kama maziwa yanayoganda. Kisha mkono wake ukaenda kwenye koti.

Risasi ilipita kwenye wavu, ikamkata Spana kidole kidogo cha kushoto. Hakutazama kilipoangukia. Alichomoa pini ya mtungi, akabana.

Unga mweupe ulijaza kizimba. Sukari alikohoa, akapiga risasi ya pili darini, ya tatu hakujua wapi. Bastola ilimponyoka. Alibaki akipapasa kama kuku gizani.

Kidole cha Spana kilikuwa juu ya kitufe cha kijani cha kuwashia roboti.

Hapa ndipo alipotaka kufika tangu siku ya msiba. Kizimba kile kile. Roboti ile ile. Sahani moja.

Alibonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kisha akatazama chini. Kwenye swichi kuu yalikuwa yananing'inia makufuli manne mekundu.

Wanagenzi, waliokuwa wamerudi kutoka bwaloni na kuifunga swichi yeye akipuliza unga, walikuwa wamesimama hatua mbili nyuma yake, Nukta mbele.

"Mtu yuko ndani, Mjomba."

"Unamjua mtu huyo?"

"Namjua." Alitia ufunguo wake mfukoni. "Mwenzetu alitufundisha hivyo. Akiingia mtu, unafunga. Awe bosi, awe mwizi. Huulizi ni nani."

"Leta funguo."

"Hapana."

Spana aliwahi kuamuriwa na majenerali, akawakatalia. Hakujua la kumfanya msichana wa kilo arobaini na tano. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni, tone baada ya tone. Mfukoni, kufuli lililokatwa lilikuwa zito kuliko bastola.

Angekuwa mpwa wake amesimama pale, angesema nini?

Angefunga. Pumbavu yule, angemfungia hata muuaji wake.

Spana alivuta pumzi. Akamkonyeza Nukta, akapaza sauti.

"Haya. Fungueni, mmoja mmoja. Bosi asikie."

Nukta alimtazama. Akaelewa. Aliwapa wenzake ishara kwa kidevu.

Ka. Mrefu alitoa lake.

"Mnafanya nini?" Sukari alilia kutoka ndani ya unga. Macho yake yalikuwa yamefumba. "Vijana, nimewafundisha mimi."

Ka. La pili.

"Ulimkatia la kwake kwa mkasi," Spana alisema. "Sisi ni waungwana, tunatumia funguo. Nani mnunuzi?"

"Sijui majina yao."

Ka. La tatu.

"Limebaki moja. Kitufe kiko chini ya kidole changu, na kidole kingine umeshanipunguzia. Nani?"

Nukta alilichukua kufuli la Mrefu lililokwisha kufunguliwa, akalisogeza karibu na wavu, akalifunga.

Ka.

Lake mwenyewe halikusogea kwenye swichi.

Lakini Sukari alikuwa amehesabu minne.

Alizungumza. Alizungumza haraka kuliko alivyowahi kuzungumza msibani. Jina la mnunuzi, hoteli aliyofikia, namba ya chumba, meli, ofisa wa ghala la jeshi aliyemuuzia. Na mwishoni, bila kuulizwa: "Nilikata kufuli mimi. Niliwasha mimi. Angeufungua ule mkono, yote yangekwisha."

Spana aliwasha kifaa cha sikioni.

"Shangazi. Umepata?"

"Kamera haikuzimwa, mjinga wewe. Nimepata yote. Yuko hai?"

"Anaongea."

"Watu wako langoni. Na kile kitufe ulichobonyeza mara mbili, nacho nimekiona. Bastola na kitambulisho, mezani kwangu kesho."

"Sawa."

Walipomtoa Sukari, mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka viatu, alipita mbele ya wanagenzi. Akaona kufuli moja bado linaning'inia kwenye swichi. Alilitazama muda mrefu. Ikabidi wamvute.

"Ningekuomba ufungue kweli," Spana alimuuliza Nukta, "ungefungua?"

"Hata ungenipiga."

Spana alitikisa kichwa. Alifunga kitambaa mkononi, akalitoa kufuli lililokatwa, akalitundika kwenye msumari wa tano. Kisha akachukua ubao wake wa karatasi, akatoka kwa lango aliloingilia. Mlinzi alimuuliza kama mitungi iko sawa.

"Mmoja umekwisha," alisema, bila kusimama.

Mnunuzi alikamatwa saa tisa, akiwa na taulo. Vibao kumi na viwili vilirudi jeshini.

Gharama ilikuwa hii. Mtungi mmoja wa kilo sita. Kidole kimoja. Miaka ishirini na mitatu ya kazi. Wanagenzi wanne hawakupata vyeti, kwa sababu kiwanda kilitiwa lakiri zikiwa zimebaki siku kumi na moja.

Na binti mmoja, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyepima sawasawa.