Karatasi Iliyochanwa Jikoni

Ndugu zangu, msidhani nyumba huanza kubomoka kwa kishindo. Jumapili ile ya Aprili, mjini Blackfoot, jikoni kwa akina Stoddard palikuwa shwari. Nola alikuwa akigeuza chapati za maji kikaangoni. Mumewe Verlin, fundi wa nguzo za umeme aliyestaafu, alikuwa mezani na kijitabu chake cha mihuri. Kila ngome ya kale, kila korongo na kila mbuga aliyofika, aligonga muhuri humo. Mihuri ilikuwa imefika mia mbili na kumi na miwili, na yote aliipata akiwa peke yake, kwani alizoea kusema abiria ni mzigo unaoongea.

"Naondoka leo," alisema bila kuinua macho. "Utah kusini, kule jangwani. Siku kumi."

Nola akaweka mwiko chini. "Jumatano napasuliwa goti."

"Karlene atakupeleka." Karlene ni binti yao, mwalimu, anaishi mtaa wa pili.

"Kwani Karlene ndiye aliyenioa?"

"Miaka thelathini na minne nimening'inia juu ya nguzo ili wewe uwashe taa. Niache nipumue."

"Hujaacha kupumua tangu ustaafu! Watu elfu tisa wanaotazama picha zako mtandaoni wanajua ulichokula jana. Mimi mkeo nasikia kwao."

"Wao angalau wananifurahia."

"Hawajakufulia soksi, ndiyo maana."

Kwetu, msafiri wa peke yake ana desturi moja. Kabla ya kuondoka hubandika karatasi kwenye mlango wa friji: njia atakayopita, mahali atakapolala, na siku ambayo, ikifika bila simu yake, polisi waarifiwe. Verlin alikuwa amekwisha kuibandika. Nola aliitazama, goti likimuuma.

"Ibandue," alisema. "Ukipotea, mimi simu siinui. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

Verlin akaibandua. Akaichana vipande vinne mbele ya macho ya mkewe, akavitumbukiza kwenye sinki lenye maji ya sabuni.

"Basi tumeelewana, bibie," alisema. Gari likatoka uani chapati zikiwa bado kikaangoni.

Msomaji ameshaanza kumtafuta mwenye kosa. Asifanye haraka.

Jumatano Nola alipasuliwa. Alhamisi saa sita mchana, akiwa kitandani nyumbani, alifungua simu akaona picha mpya: Verlin juu ya mwamba mwekundu, mikono kiunoni. Chini yake aliandika, "Niko huku tangu alfajiri. Haya ndiyo maisha!" Watu mia tatu walikuwa wamekwisha kumpongeza.

"Mtazame alivyokenua," Nola alisema. "Mkewe kakatwa mguu, yeye kakenua."

"Mama, hukukatwa mguu. Nimpigie?"

"Mpigie. Ila ukishampigia, supu yako usiniletee tena."

Karlene akaiweka simu mfukoni. Ijumaa saa sita ikatoka picha nyingine, na Jumamosi nyingine. Kila picha ilikuwa mafuta ya taa kwenye moto. Nola alizisoma zote, na maneno ya watu pia, kama mtu anayebonyeza jipu.

Jumapili Verlin alionekana mbele ya nyumba za mawe za watu wa kale, zilizojengwa ndani ya jabali. "Leo asubuhi, mji mzima ni wangu peke yangu," aliandika. Nola aliikazia macho, na si kwa kumtamani. Alitaka kosa la kumhukumia atakaporudi, na akalipata: taarifa ya habari ilikuwa imesema mafuriko yamekata barabara ya sehemu zile. Akapiga simu ofisini kwa wanaolinda mahali pale.

"Tumefunga tangu Alhamisi, mama," dada aliyepokea alisema. "Maji yamebeba daraja. Hata mbwa hajaingia."

Nola akakata simu. Ukweli lazima usemwe: alifurahi. "Nimemkamata!" alimwambia Karlene. "Baba yako mwongo! Anatudanganya kwa picha za zamani!"

Karlene hakucheka. "Mama, picha hupangwa. Unapiga nyingi siku ya kwanza, unauambia mtandao utoe moja kila siku. Zinatoka zenyewe, hata mwenyewe awe wapi. Sauti yake uliisikia lini mara ya mwisho?"

Ilikuwa Jumapili iliyopita, pale jikoni. Nola akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Polisi waliuliza swali moja kabla ya mengine. "Karatasi yake inasemaje?"

"Hakuna karatasi."

"Hakuacha?"

"Aliacha. Ikachanwa."

"Basi mama, umetupa jangwa zima la kutafuta."

Ndege ilizunguka siku mbili. Jumanne gari lilionekana, limezama hadi ekseli kwenye barabara ya udongo, ule ambao ukilowa huteleza kama sabuni na ukikauka hushika kama saruji. Verlin alikutwa kilomita kumi na nane mbele, kifundo cha mguu kimevunjika, amekufa. Daktari alikadiria kwamba alikata roho Jumamosi. Mchana ule ule wa Jumanne picha yake nyingine ilitoka, akicheka, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua neno la siri la kuizuia.

Afisa mmoja alifika kutoa maelezo. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Garini kulikuwa na maji lita arobaini na chakula cha wiki," alisema. "Kule simu haishiki mtandao, na kanuni ni kutoliacha gari. Ndege huona gari, haioni mtu. Mzee wako hakuwa mgeni wa njia, vifaa vyake vinaonyesha. Alikaa humo siku mbili, kisha akatoka kwa miguu. Hilo ndilo linalotutatiza."

"Mimi halinitatizi," Nola alisema. "Mtu hukaa kwenye gari akijua anatafutwa. Mimi nilimwambia hatatafutwa. Akaniamini."

Karlene akainuka, akaenda kusimama dirishani. Hakumgusa mama yake siku ile, wala siku ya maziko.

MAFUNZO

Safari si kosa, na kusafiri peke yako si kosa. Verlin alikosa kwa kumwacha mgonjwa wake na kwenda kufuata muhuri, na kwa kuwapa watu elfu tisa picha huku akiwanyima wawili wa nyumbani habari zake. Nola alikosa kwa kutumia uhai wa mtu kama fimbo ya ugomvi. Gari halikumuua Verlin, wala jangwa. Aliuawa na sentensi moja ambayo msemaji hakuimaanisha na msikilizaji aliipokea kama ahadi. Picha si salamu: mtu wenu akiwa njiani, isikilizeni sauti yake, hata kama hampatani. Nanyi mnaosafiri, mkigombana gombaneni mpaka mchoke, lakini karatasi iacheni mlangoni.