Nzi kwenye Kanyagio la Mafuta

Nzi ndio Sadiyo aliowaona kwanza. Asubuhi ile pale Wajir, mapande ya nyama yalikuwa yananing'inia nyuma ya lori, lakini nzi walikuwa wameyaacha, wamejazana chini ya usukani, mahali kanyagio la mafuta linapoungana na chuma chake. Alitaka kumwambia Korane, dereva. Akakumbuka kwamba yeye aliishia darasa la tatu, na Korane alikuwa akiendesha malori kabla yeye hajazaliwa. Akanyamaza, akamsaidia mama yake kupanda.

Mama yake, Nunow, alikuwa na risasi pajani. Ilimpata kisimani, na hakuna aliyejua imetoka bunduki ya shifta, waasi wa nyikani, au ya askari. Paja lilikuwa limevimba hadi ngozi inang'aa. Dresa wa zahanati alikuwa amesema bila kuzunguka: asipofika hospitali ya Garissa ndani ya siku tatu, hatapona.

Siku hizo malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na anayebaki nyuma alibaki na Mungu wake. Walipoipita Mado Gashe, lori la Korane likaanza kuchoka. Alikanyaga mafuta mpaka chini, lori likajikokota kama ngamia aliyefungwa miguu ya mbele. Magari yakawapita moja baada ya jingine. La mwisho, la askari, lilipiga honi mara mbili likatokomea kwenye vumbi. Mchanga ulipozidi, magurudumu yakazama, wakasimama.

Injini ilikuwa inanguruma taratibu, haina kosa. Ila nguvu haikuwepo.

Korane akasema petroli ni chafu. Akafungua kabureta, akapuliza matundu yake, akafunga. Hakuna. Akafungua plagi, akazikwangua kwa kisu. Hakuna. Akanyonya bomba la petroli mpaka akatapika, kisha akaamua kwamba injini ina joto, akamimina nusu ya maji ya kiriba kwenye rejeta kabla Sadiyo hajapata neno la kumzuia. Hakuna. Jua lilipoinama alikuwa ameifungua kabureta mara tatu, vidole vinamtoka damu, na hakuna aliyethubutu kumsemesha isipokuwa Nunow.

"Korane," alisema kutoka kivulini, "lori lako ni punda wa mjane. Linasikia fimbo, linakataa njia."

Siku ya pili Sadiyo aliamka kabla ya wenzake. Katika kiriba kulikuwa na mafunda matatu, na usiku walikuwa wamekubaliana kwamba ni ya mgonjwa. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama ganda. Alikusudia kulowesha midomo tu. Alipokiteremsha kiriba kilikuwa kitupu.

Nunow alipoomba maji, Sadiyo alitazama chini.

"Ameyatia tena kwenye rejeta," Nunow alisema, macho mekundu kwa homa. "Mwanamume huyu ataninyima hata maji ya kufia."

Korane alimtazama Sadiyo kwa muda mrefu. Kisha akachukua spana yake, akarudi kwenye boneti bila kujitetea.

Hilo ndilo lililomfungua Sadiyo kinywa. Alimfuata akamwambia, kwa sauti ambayo ilibidi airudie, habari za nzi wa Wajir. Korane alikunja uso. Akapiga magoti chini ya usukani, akapapasa kiungo cha kanyagio.

Pini ya pale ilikuwa imevunjika mwezi uliopita, na kwa kukosa nyingine alikuwa amefunga kiungo kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ngamia, kama wafungavyo matandiko. Na kwa sababu kila mchungaji hupaka ngozi samli isipasuke, aliupaka samli. Samli na joto la injini vilikuwa vimeulainisha ukanda ukarefuka. Kanyagio lilikwenda mpaka chini, lakini kule kwenye kabureta haikufika hata robo ya mwendo wake.

"Siku mbili ninalaumu petroli," Korane alisema. "Na fundi aliyeharibu ni mimi."

Kwa hasira aliuvuta ukanda, ukakatika, na ncha ya chuma iliyolika ikakatika nao. Sasa hapakuwa na pa kufunga chochote. Alikaa mchangani akacheka vibaya.

Sadiyo ndiye aliyeleta kamba ya kufungia ngamia kutoka nyuma ya lori. Waliifunga moja kwa moja kwenye mkono wa kabureta. Boneti likang'olewa, na Sadiyo akakaa juu ya bawa la gurudumu la mbele, miguu imekaza, kamba imezungushwa kiganjani. Walichimba mchanga, wakatandika matawi.

"Vuta kidogo. Kidogo, binti. Sasa vuta."

Lori lilitikisika, likapanda. Msichana ambaye hakuwahi kupaza sauti alivuta, injini ikapiga kelele kwa ajili yake. Kila shimo kamba ilimchana. Kila bonde alilegeza, kila mwinuko akavuta, upepo wa moto ukimpiga usoni, Nunow akigumia nyuma ya kioo.

Mchana wa siku ya tatu kizuizi cha Garissa kilitokea ghafla, na bunduki nne zikainuka: lori pekee, nje ya msafara, halina boneti.

"Legeza!" Korane alipaza sauti.

Vidole vya Sadiyo vilikuwa vimeganda. Aliifungua kamba kwa meno. Lori lilisimama hatua kumi mbele ya askari, naye akainua viganja vyenye damu, akasema kwa Kiswahili cha darasa la tatu, "Tuna mgonjwa. Mama yangu. Tafadhali, maji."

Risasi ilitolewa jioni hiyo. Siku nne baadaye Nunow aliweza kuketi, na wageni waliokuja kumjulia hali aliwasimulia yote, na kila mara alipofika kwenye kiriba alimtaja Korane kwa jina, mwizi wa maji ya mgonjwa. Safari hii Korane mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameleta maziwa, kofia mkononi.

Sadiyo alikuwa akifungua bandeji ya kiganja chake. Aliacha.

"Hooyo," alimwambia mama yake, na chumba kizima kilimsikia, "si yeye. Maji yako niliyanywa mimi."