Saruji ya Taban na Kivuli cha Bi Jalia

Mwaka 1974 saruji ilikuwa adimu Kampala, kama sukari, kama sabuni. Kwa hiyo Taban, dereva wa lori, alipoleta mifuko sita nyumbani kwake Nateete, hakutaka ipotee bure. Alikata migomba yote ya uani akasakafia ua mzima. Majirani walikuja kuutazama, naye akatembea juu yake kifua mbele. Mkewe, Rukiah, aliusugua kila asubuhi mpaka ukang'aa.

Kisha kiangazi kikafika. Mama yake Taban, Bi Jalia, aliyeishi nao, hakupata pa kukaa. Mchana ua ulichoma nyayo. Hata jua likishatua, ukuta wa chumba chake ulikuwa bado moto. Jumatano alifunga nguo zake kwenye furushi, akaliweka mlangoni.

"Mimi narudi Bombo kwa ndugu zangu," alisema. "Hapa iko moto sana. Lori likija kesho, nakwenda."

Rukiah aliumia moyo. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, na Jalia alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga kwenye saruji ili ipoe. Mvuke ukapanda. Maji yakakauka mara moja, joto likabaki pale pale.

Jirani yao, Mzee Ogutu, alikuwa mtunza bustani za manispaa. Aliuona mvuke, akaja. Alivua viatu, akakanyaga saruji, akaruka pembeni haraka. Jalia alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Rukiah, weka mkono hapa kwa ukuta," alisema Ogutu. "Unasikia? Jua la alasiri linapiga upande huu. Saruji nayo inakula joto mchana kutwa, jioni inawarudishia. Migomba ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo, mzee. Tulikata."

"Basi mlikata kivuli chenu."

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Vunja saruji karibu na ukuta, hatua tatu. Panda migomba tena. Hapa mlangoni simamisha miti, utandaze fito juu, halafu panda pasheni ikwee. Pasheni inachelewa, kwa hiyo panda na malenge. Hayo yanatambaa upesi, na majani mtakula. Chini acha nyasi. Mwagilia jioni, kwa maji ya kuoshea mboga. Lakini upande wa ziwa usizibe. Upepo mzuri unatoka huko."

Kesho yake Taban alirudi, akaambiwa yote.

"Nivunje saruji yangu?" aliuliza. "Watu watasema nini?"

Rukiah alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo hakunyamaza.

"Watasema saruji ilimfukuza mama yako," alisema.

Taban alilitazama furushi pale mlangoni. Kisha akaenda kuazima mtaimbo. Alivunja, akabakiza saruji kwenye njia ya mlangoni na pale pa kufulia tu.

"Nitangoja malenge," alisema Bi Jalia. Lakini furushi hakulifungua.

Mvua zikanyesha. Malenge yakafunika fito, kisha pasheni ikayafuata. Migomba ikapita urefu wa dirisha. Kiangazi kilichofuata kilipofika, Rukiah aligusa ukuta alasiri, akaugusa mara ya pili kwa kutoamini. Haukuchoma. Alifurahi mpaka akamwita Mzee Ogutu aje naye aguse.

Sasa majirani walikuja tena, na safari hii walikaa. Bi Jalia alichambua mboga chini ya pasheni kila alasiri. Hata Taban, akitoka safari, alitandika mkeka wake hapo.

Ijumaa moja aliwasha lori.

"Mama, leo napita Bombo. Nikupeleke?"

Bi Jalia aliingia ndani akatoka na furushi. Rukiah akaacha kuosha vyombo. Jalia akalifungua, akatoa nguo zote, akatandaza kitambaa kitupu kwenye nyasi. Akachuma pasheni kumi na mbili, akazifunga ndani yake.

"Wapelekee hizi," alisema, "na salamu zangu."

Kisha akarudi kukaa kivulini.