Alama kwenye Minazi ya Bibi Chiku

Kila alasiri aliporudi kutoka shuleni, Hafsa alivua sare, akaitundika msumarini, kisha akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Bibi yake, Bibi Chiku, alizipasua nazi kwa mgongo wa panga, naye Hafsa akazikuna mpaka wakati wa madrasa ulipowadia. Jioni Bibi alikamua tui, akalichanganya na unga wa mchele, akaufunika uumuke. Asubuhi, wanafunzi wa Tiwi walipokuwa wakienda shuleni, harufu ya vitumbua ilikuwa imekwisha kufika barabarani kabla yao. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyomvisha Hafsa na kumlisha tangu mama yake alipofariki.

Nazi hizo hazikununuliwa. Zilitoka kwenye minazi ya Bibi Chiku mwenyewe, iliyosimama katika shamba ambalo halikuwa lake. Shamba lilikuwa la kaka yake, marehemu Mzee Chirau. Zamani, Bibi alipokuwa mwanamke kijana, alimwomba kaka yake nafasi ya kupanda, naye akampa. Kwa mila ya Wadigo, aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, hata kama udongo ni wa mtu mwingine. Kila mnazi ulipokomaa shina, Bibi aliuchonga alama yake: mikato miwili iliyopishana, na mmoja wa tatu chini yake.

Mzee Chirau alipofariki, shamba lilirithiwa na mwanawe, Swabir, ambaye Hafsa alimwita mjomba. Mwaka huu Swabir alilipangisha kwa miaka mingi kwa Bi Renate, mwanamke kutoka Ujerumani aliyetaka kujenga nyumba za wageni. Mkataba ulitiwa saini Ukunda, mbele ya wakili, na kila mtu akaondoka ameridhika.

Siku ya Jumatatu, Swabir alifika nyumbani kwa Bibi Chiku huku amekunja uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Swabir. Mbona umesimama kama mgeni? Keti, chai ipo."

"Chai nitakunywa, lakini nina neno zito." Aliketi ukingoni mwa mkeka. "Mafundi wa Bi Renate wameanza kuitia rangi nyekundu minazi itakayokatwa. Na yako imo."

Mkono wa Hafsa ulisita juu ya mbuzi. Bibi Chiku hakupaza sauti. "Hukumwambia kwamba minazi ile ni yangu?"

"Shangazi, ni nani hapa Tiwi asiyejua? Mimi nilimpangishia ardhi. Sikudhani kuna mtu angefikiri nimempa na minazi ya mwenyewe."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema kwao mti ni wa ardhi ambayo umesimama juu yake. Hata yeye hakudhani kuna mtu angefikiri vinginevyo."

Bibi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Basi nyote wawili hamkudhani, na minazi yangu ndiyo inayopakwa rangi."

Swabir aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba amezungumza na Bi Rispah, mwanasheria anayewasaidia wanakijiji bila malipo katika ofisi moja ndogo Ukunda. Jumamosi wote wangekutana shambani na kupita mnazi hadi mnazi. Bi Renate alikuwa amekubali jambo moja: mnazi wenye alama ya Bibi Chiku hautaguswa.

Maneno hayo yalikaa kichwani mwa Hafsa kama mwiba mguuni. Aliijua minazi ile. Alijua kwamba mmoja wao, ule ulioinama karibu na kisima, alama yake ilikuwa imefifia kwa jua na mvua hata mtu aliweza kuipita bila kuiona. Siku ya pili yake, njiani kutoka shuleni, alimsimulia rafiki yake Kadzo.

"Kwa hivyo mwenye alama ndiye mwenye mnazi?" Kadzo aliuliza.

"Ndivyo mjomba alivyosema."

"Sasa unalilia nini? Kisu kipo, minazi ipo. Yule Mjerumani atajuaje ni alama ya jana au ya zamani?" Kisha Kadzo akatazama nyuma, akashusha sauti. "Lakini mimi sikukwambia kitu, sawa? Nikiulizwa, nilikuwa nachota maji."

Alhamisi alasiri Hafsa hakwenda madrasa. Alichukua kisu cha Bibi na kipande cha mkaa, akapita uchochoroni mpaka shambani. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Kwanza aliuendea mnazi wa kisimani, akaichonga upya ile alama iliyofifia, mkato juu ya mkato, mpaka ikaonekana waziwazi. Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo, kwani mnazi ulikuwa wa Bibi kweli.

Angeondoka hapo, pengine ingekuwa hadithi nyingine. Lakini mkono uliokwisha kuzoea kisu haukutaka kusimama. Kando ya ua kulikuwa na minazi miwili mirefu yenye kuzaa sana, iliyokuwa ya marehemu Mzee Chirau. "Bibi amezeeka," Hafsa aliwaza, "na huyu mgeni ana shamba zima." Akaichonga yote miwili. Ndani ya magome nyuzi zilikuwa nyekundu kama udongo wa Kwale, kwa hiyo akazipaka mkaa, akazisugua kwa kiganja mpaka zikafanana na uzee.

Usiku ule hakula kitumbua kilichobaki. Bibi alimgusa paji la uso, akadhani ana homa.

Jumamosi asubuhi watu wazima watano walikutana shambani. Bi Rispah alivaa viatu vya mpira na kubeba faili moja jembamba. Mzee Rai, mzee wa mtaa, alikuja na mwavuli ingawa hapakuwa na wingu. Bi Renate alikuwa amekaa Diani kwa miaka kadhaa na alizungumza Kiswahili cha polepole, akilichagua kila neno kama achaguaye mchele. Bibi Chiku na Swabir walimwamkia, naye akawauliza habari za nyumbani, akangoja kujibiwa. Hafsa alifuata nyuma ya kanga ya Bibi.

Walianza na minazi ya katikati ya shamba. Kwenye kila mmoja Bibi aliweka kiganja juu ya alama, akasema ni mwaka gani wa maisha yake aliupanda: huu alipoachika, huu alipomzaa mama yake Hafsa, huu mwaka wa mvua kubwa. Mzee Rai aliitikia kwa kichwa. Swabir aliongeza jambo ambalo Hafsa hakuwa amelisikia kabla.

"Kadhi alipotugawia mirathi ya baba, aliniuliza kuhusu minazi hii. Nilimwambia si mali ya marehemu. Akaiacha nje ya hesabu ya urithi."

"Vizuri," alisema Bi Rispah. "Hilo lina uzito."

Kisha wakafika kando ya ua. Bi Renate, aliyetangulia, aliona alama, akaigusa. Alipoondoa kidole, ncha yake ilikuwa nyeusi. Alikitazama kidole, akaitazama alama. Chini ya mkaa, nyuzi zilikuwa nyekundu.

"Hii ni mbichi," alisema.

Bibi Chiku alisogea, akafinya macho. "Huu si wangu," alisema bila kusita. "Huu na ule pale ilikuwa ya kaka yangu. Ni nani aliyeweka alama yangu hapa?"

Bi Renate hakukasirika, lakini sauti yake ilipoa. "Bi Rispah, mimi nilikubali kuamini alama. Kama hii imechongwa juzi, zile nyingine nitaziamini vipi?"

Mzee Rai aligeuka polepole, akamtazama Swabir. Swabir ndiye aliyejua mapema habari ya mkutano. Swabir ndiye aliyepangisha shamba, na sasa, machoni mwa mzee yule, ilikuwa kama kwamba alitaka kumpokonya mpangaji kwa mkono wa pili alichompa kwa mkono wa kwanza.

"Mzee Rai, wallahi si mimi," alisema Swabir, na uso wake ukabadilika.

Hafsa aliitazama ile alama. Alama za Bibi zote zilikuwa usawa wa bega la mtu mzima. Hii ilikuwa usawa wa bega lake mwenyewe. Ilikuwa imemngoja pale siku mbili, kama kivuli chake kilichobaki ukutani. Angeweza kunyamaza. Lakini akinyamaza, mjomba ataitwa mlaghai, na minazi ile ambayo Bibi aliihesabu kwa miaka ya maisha yake itakuwa miti tu yenye rangi nyekundu.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikambidi arudie. "Ni mimi niliyechonga. Mjomba hajui, wala Bibi hajui. Nilichonga hii miwili na… na ule wa kisimani."

"Wa kisimani?" Bibi aligeuka. "Ule ni wangu, mwanangu. Ule niliupanda kwa mkono wangu. Uliuchonga wa nini?"

"Alama ilikuwa imefifia, Bibi. Nilitaka ionekane."

Wote walikwenda kisimani. Mahali palipokuwa na alama ya zamani palikuwa na jeraha jekundu la kisu. Bi Rispah aliinama, akatafuta kwa muda mrefu dalili yoyote ya mkato wa kale, asiione. Swabir alisema mnazi ni wa shangazi yake; lakini yeye alikuwa jamaa, na Mzee Rai alikiri kwamba huo hakuukumbuka.

Bi Renate alikuwa akimtazama Hafsa. "Zile za katikati naziamini," alisema hatimaye. "Mtoto huyu amesema hata lile linalomwumiza. Angetaka kudanganya, angenyamaza. Na alama zile ziko juu zaidi, na mikato yake ni ya kale. Lakini huu…"

"Huu uacheni," alisema Bibi Chiku. Aliweka mkono juu ya shina lililoinama, kama amshikaye mtu bega wakati wa kuagana. "Sitadai mnazi kwa alama iliyochongwa na mjukuu wangu Alhamisi. Uende na shamba lililopangishwa."

Hapo Hafsa alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mapatano yaliandikwa pale pale, na Bi Rispah akayasoma kwa sauti. Minazi ya katikati ni ya Bibi Chiku, na baada yake ni ya warithi wake. Mkwezi wake atapita langoni wakati wowote wa mchana kuangua nazi. Bi Renate atasogeza nyumba moja ya wageni ili kuipisha, na nakala itapelekwa kwa wakili aliyeandika mkataba wa kwanza, iambatanishwe nao. Walipomaliza, Hafsa alimwendea mjomba wake.

"Nisamehe, mjomba."

Swabir alipumua. "Ulinichomesha mbele ya Mzee Rai, Hafsa. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko foleni ya feri." Kisha akampigapiga begani. "Lakini ulisema mwenyewe. Nimekusamehe."

Adhabu ilitolewa na Bibi. Wiki nzima, badala ya kucheza baada ya madrasa, Hafsa alikwenda shambani na kumbi la nazi na mchanga, akaisugua rangi nyekundu kwenye kila mnazi wa Bibi mpaka ikatoka. Siku ya pili Kadzo alitokea na kumbi lake mwenyewe. "Nilikuwa nachota maji," alisema, "lakini yamekwisha." Wakasugua pamoja.

Siku ya mwisho Bi Rispah alipita kuleta nakala ya mapatano, akaketi barazani akila vitumbua. Hafsa alimwuliza swali lililomsumbua.

"Bi Rispah, Bi Renate ana sheria ya kwao, mjomba ana mkataba, Kadhi ana sheria ya mirathi, na Bibi ana mila. Sheria ya kweli ni ipi?"

"Zote ni za kweli mahali pake," alijibu Bi Rispah. "Zamani waliokaa hapa walifuata desturi moja, na jambo halikuhitaji kusemwa. Siku hizi watu wa nchi mbali wanajenga Tiwi, na watoto wa Tiwi wanafanya kazi nchi mbali. Kila mmoja huja na sheria yake akidhani ndiyo ya watu wote. Katiba yetu inazipa nafasi mila na mahakama ya Kadhi, mradi zisimvunjie mtu haki zake. Ndiyo maana lazima watu waketi, waambizane yale wanayodhani kila mtu anayajua. Mjomba wako na Bi Renate wangeambizana mapema, rangi ile isingepakwa."

"Na mimi?"

"Wewe ulimchezea shahidi, maana alama ndiyo iliyokuwa shahidi wa bibi yako. Mkataba unahitaji shahidi, Kadhi anahitaji shahidi, mila inahitaji shahidi. Ukishamtia shahidi uongo, hata haki yako mwenyewe inakosa wa kuisemea. Mnazi wa kisimani ulikuwa wa bibi yako, Hafsa. Haukupotea kwa sababu ya mgeni."

Hafsa hakusahau. Bi Renate hakuukata ule mnazi. Aliuacha uinamie kisima. Asubuhi moja, Hafsa alipokuwa akipita na sinia la vitumbua, nazi kavu ilianguka mbele ya miguu yake, upande wa nje wa ua. Njia ilikuwa tupu. Aliiokota, akaipima uzito mkononi. Ilikuwa nazi nzuri, yenye kutosha tui la jioni. Akazunguka mpaka langoni, akabisha hodi.

"Bi Renate, nazi yako imeanguka nje."

Aliporudi alimkuta Bibi Chiku mlangoni, ameona yote kutoka mbali.

"Nazi ile ingetutosha leo," alisema Hafsa.

"Ingetutosha," alikubali Bibi. Alipokea sinia, akamfungulia mjukuu wake njia aingie. "Lakini sasa ukisema mnazi ni wetu, mwanangu, hata Mjerumani ataamini bila kuangalia alama. Hiyo ndiyo mali niliyotaka uirithi. Haya, lete mbuzi, tukune."